Nyumba Isiyo na Harufu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya saruji walipofika kwenye nyumba ya wageni ya kwanza, na Bwana Sabuni alikwishaichukia kabla hajazima gari.

Jina hilo alibandikwa na wenzake kazini. Alikuwa afisa wa afya, mtu wa kukagua majiko ya hoteli na vyoo vya masoko, na kidole chake cha shahada kiliogopwa kuliko mkubwa wake wa kazi. Alikipitisha juu ya kabati, akakitazama, akabinua mdomo, na siku hiyohiyo mtu akafungiwa biashara. Ubaya ni kwamba kidole hicho hakikujua kwamba saa za kazi huisha. Kilirudi naye nyumbani. Kilipita juu ya meza ya mke wake, juu ya madaftari ya binti yake Kidoti, na zaidi ya yote kilimwelekea mama mkwe wake, bibi kizee mwenye kifua kibovu aliyekuwa akiishi nao.

Safari yenyewe ilikuwa ya bibi huyo. Binti yake mdogo alikuwa amejifungua mjini, naye alitaka kumpakata mjukuu kabla macho hayajazimika kabisa. Wakaamua kwenda wote, wafanye ndiyo likizo. Lakini daraja la kuingilia mjini lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, magari yamejipanga hadi macho yanachoka, na dereva mmoja wa lori akawashauri walale hapahapa nje ya mji, waingie asubuhi.

"Tuchukue hii hii, Baba Kidoti," mke wake alisema. "Ni kulala tu."

Bwana Sabuni aliingia, akafunua godoro, akalinusa, akamgeukia mhudumu. "Haya mashuka mliyafua, au mliyaonyesha maji kwa mbali?"

Mhudumu akaanza kuyakunja. Wakaondoka.

Ya pili ilikuwa juu ya baa. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyebeba begi la bibi kabla hajaombwa. Kumbikumbi walikuwa wakijigonga kwenye taa na kudondoka ngazini, muziki unatikisa kuta. Bwana Sabuni alichungulia chooni mara moja tu.

"Hapa hata inzi angepiga hodi kwanza," alisema.

Yule mtu mnene akacheka, lakini macho hayakucheka. "Bwana, mimi sina cha kujitetea. Ila nakwambia, lala hapa. Huko mbele hakuna nyumba nyingine."

"Basi tutalala barabarani. Pana hewa."

Kwenye gari bibi alianza kukohoa tena. Kikohozi chake kilikuwa kirefu, cha maji, na kilifuatwa na harufu ya dawa ya kuchua aliyojipaka kifuani asubuhi na jioni. Bwana Sabuni alishusha kioo cha dirisha hadi chini, kama alivyokuwa akifanya tangu asubuhi, na kioo kikasema kwa niaba yake.

"Mimi popote nitalala, baba," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Hata humu garini."

"Tunajua, Mama. Wewe ni popote."

Mke wake alimtupia jicho. Hakujali.

Giza lilikuwa linaingia alipoiona. Ukuta mweupe, lango wazi, taa moja mlangoni. Hapakuwa na kibao. Mwanamke alikuwa amesimama chini ya taa, gauni lake limepigwa pasi hadi likakaa kama karatasi, mikono ameifumbata mbele, kama mtu anayewangoja wageni aliowaalika mwenyewe.

"Karibuni," alisema. "Vyumba viko tayari."

Bwana Sabuni alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango. Akakitazama. Safi. Akapitisha nyuma ya kabati, chini ya meza, kwenye pembe za dirisha ambako hata watu wasafi husahau. Safi. Mashuka yalinyooka bila kunyanzi moja. Na ile taa ya mlangoni, alijionea mwenyewe, haikuwa na mdudu hata mmoja. Huko alikotoka kumbikumbi walikuwa wanamwagika kama mchele. Hapa hakuna.

Aliona ni sifa.

Bibi alikuwa amesimama kizingitini na mkongojo wake, haingii.

"Baba," alinong'ona. "Nyumba hii haina harufu."

"Ndiyo raha yake, Mama."

"Nyumba wanayolala watu inanuka kitu. Sabuni basi. Moshi. Jasho. Hii hainuki hata sabuni."

"Kuna pua hapa zimezoea vibaya," alisema, akampita.

Kidoti alilala mara tu alipoona kitanda, mama yake naye akajitupa kando yake. Bibi alipewa chumba cha peke yake, mwisho wa korido. Bwana Sabuni akabaki sebuleni na mwenye nyumba, na ilikuwa muda mrefu tangu afurahie mazungumzo kiasi kile. Mwanamke yule alikuwa mtu kama yeye. Alimsimulia ya wale wa barabarani: yule mhudumu anayeosha vikombe kwa ncha za vidole, yule mnene anayefuta meza kwa kitambaa kilichofutia sakafu. Alisema taratibu, midomo ikiwa imekunjika kidogo, kila neno likikata. Bwana Sabuni alicheka hadi akajifuta machozi. Alimweleza juu ya jirani zake, juu ya mkubwa wake, juu ya shemeji yake asiyejua kufunika chungu.

Kule mwisho wa korido, bibi akakohoa.

Mwanamke akainamisha kichwa, akisikiliza. "Huyo anakuchosha," alisema.

"Ni mama mzazi wa mke wangu."

"Sikuuliza ni nani."

Bwana Sabuni akacheka tena. Kisha, kwa kuwa amepata sikio, akamwaga yote. Makohozi kwenye kopo. Ile dawa inayonukisha nyumba nzima. Meno ya bandia ndani ya glasi jikoni. Namna anavyokunywa chai kwa kuvuta, na namna asivyoshiba kusimulia jambo lilelile. Mwanamke alikuwa akiitikia kwa kichwa, polepole, polepole.

"Kusema kweli, dada," alimaliza, "ningekuwa na namna, ningemwacha hapahapa."

Alicheka peke yake.

"Umesema?" mwanamke aliuliza.

"Nini?"

"Umwache hapa."

"Aa, hayo ni maneno tu."

"Hapa hatuna maneno tu," mwanamke alisema. Akainuka, akaingia koridoni. Vigae vilikuwa vigumu na viatu vyake vilikuwa na visigino, lakini hatua zake hazikusikika.

Bwana Sabuni alijilaza kando ya familia yake akiwa na mashaka madogo, yale ya mtu aliyesema kitu mbele ya asiyemjua. Usingizi ukamchukua. Kilichomwamsha ni kimya. Alibaki amelala, akisikiliza kikohozi. Aliyekuwa akikilaani miaka nenda rudi, sasa alikuwa akikingoja.

Hakikuja.

Badala yake akasikia kitu kingine. Sauti nyepesi, ya kiganja juu ya kitambaa.

Shaa...

Shaa...

Aliinuka. Sakafu ilikuwa baridi kama ndani ya jokofu. Mlango wa bibi ulikuwa wazi kidogo, na mwanga ulitoka ndani bila yeye kuona taa. Akachungulia.

Mwanamke alikuwa ameinama juu ya kitanda, ananyoosha shuka. Chini ya shuka alikuwepo mtu. Umbo la magoti lilionekana, na la mabega, na la kichwa. Mwanamke alipitisha viganja kutoka miguuni, taratibu, kama anayeondoa kunyanzi, na pale vilipopita pakawa bapa.

Shaa...

Magoti yakaondoka.

Uso wa bibi ulikuwa nje, mkono wake mmoja umeshika ukingo wa shuka. Hakuwa akilia. Alikuwa akimtazama mkwe wake.

"Umekuja kukagua?" mwanamke aliuliza bila kugeuka.

"Mwache," Bwana Sabuni alinong'ona. "Nilikuwa natania."

"Sema neno moja jema juu yake. Moja tu, la kweli. Nitamwacha."

Jambo rahisi kabisa. Alifungua mdomo. Akatafuta. Akakuta kopo la makohozi. Akatafuta tena, akakuta glasi ya meno, mkongojo kwenye vigae, chai inayovutwa. Aliishi na mtu huyu nyumba moja, akala naye meza moja, na kila alipotia mkono kwenye kumbukumbu zake alitoa uchafu tu, kwa sababu hakuwa ametafuta kitu kingine.

Shaa...

Tumbo likaondoka. Kifua kikaondoka.

"Sema."

Aliona vidole vya bibi vikilegea, na ndipo akavikumbuka vidole vile vilipokuwa na nguvu. Kidoti alikuwa mchanga, homa imempanda hadi macho yamegeuka. Yeye alikuwa kwenye semina, mbali na nyumbani. Bibi ndiye aliyembeba mtoto kifuani usiku kucha, akimpoza kwa kitambaa, hakumweka chini hata mara moja. Kifua chake kilianza kuharibika baada ya baridi ile. Mke wake alikwisha kumsimulia, naye wakati huo alikuwa akikagua sahani.

"Alimbeba mwanangu," alisema. Sauti ilitoka kwa kishindo. "Kidoti ni mzima kwa ajili yake. Alimbeba."

Alikuwa akizungumza na kitanda kilichotandikwa.

Mwanamke alipitisha kiganja mara ya mwisho kwenye mto. "Ni neno jema," alisema. "Umechelewa nalo."

Bwana Sabuni hakujua alirudije chumbani. Kulipopambazuka, alijikaza, akatoka akiwa amekwishapanga uongo wa kumwambia mke wake. Hakuuhitaji.

Bibi alikuwa ameketi ndani ya gari.

Ameketi wima, mikono ameifumbata mapajani, gauni limenyooka. Mkongojo haukuwepo. Mwenye nyumba naye hawakumwona tena, na milango yote ilikuwa wazi.

"Mama, umeamkaje?" mke wake aliuliza.

"Vizuri sana, mwanangu."

Sauti ilikuwa ileile. Barabarani hakukohoa hata mara moja, wala hakusimulia kitu. Mke wake alimshika Bwana Sabuni bega kwa furaha. "Unaona? Kumbe ni vumbi lile la njiani. Amelala pasafi siku moja tu, kifua kimefunguka."

Bwana Sabuni alishusha kioo, kisha akakipandisha tena. Akavuta pumzi. Ndani ya gari palinuka mafuta, ngozi ya viti, na nywele za Kidoti. Kutoka kiti cha nyuma upande wa kulia hakuna kilichonuka.

Mjini, shemeji yake aliwapokea kwa vigelegele, akamweka mtoto mchanga kwenye mapaja ya bibi. Mtoto akapiga ukelele hadi majirani wakaja kuuliza. Bibi, aliyeomba safari ile kwa miezi, alimwangalia kidogo, midomo ikakunjika.

"Anatoa mate," alisema, akafuta kidole chake.

Wote wakacheka, wakadhani anatania.

Wakati wa kurudi Bwana Sabuni alisimamisha gari kwenye ile baa, akamfuata yule mtu mnene aliyekuwa akipanga viti nje.

"Ile nyumba nyeupe huko mbele ni ya nani?"

Mtu mnene aliweka kiti chini. "Nilikwambia huko mbele hakuna nyumba."

"Tulilala humo."

"Wanaoiona ni wale wanaoona sisi hatufai." Alimwangalia kwa huruma iliyochanganyika na dharau. "Mliingia wangapi?"

"Wanne."

"Mkatoka?"

"Wanne."

Mtu mnene alichungulia garini, kiti cha nyuma. Kisha akaanza kuingiza viti ndani, kimoja kimoja, haraka, na kwa Bwana Sabuni hakugeuka tena.

Hajamwambia mke wake. Atamwambia nini, bila kumwambia alichokisema sebuleni? Mke ana furaha. Mama yake amepona, anaosha vyombo, anatandika vitanda vya nyumba nzima. Na mume naye amebadilika. Kazini wanashangaa: Bwana Sabuni anasifu. Anasifu majiko yenye masizi, anasifu jirani, anasifu chai iliyopoa. Nyumbani hasemi vibaya hata juu ya mvua, kwa kuwa mwenye kusikiliza yupo, ameketi wima kwenye kona yake, hachoki na halali.

Lakini jana, wakila, Kidoti alikuja na hasira za shule. Alikuwa amehamishiwa dawati jingine.

"Huyo niliyewekwa naye ananuka," alisema akisukuma sahani. "Simpendi. Afadhali asingekuwepo kabisa."

"Ni mtoto mzuri yule," Bwana Sabuni alidakia. "Mzuri sana. Ana adabu, ana akili."

"Baba, wewe humjui."

Bibi aliweka kijiko chini. Alipitisha kiganja juu ya kitambaa cha meza, taratibu, kutoka upande wake hadi upande wa mtoto.

"Nani huyo, mjukuu wangu?" aliuliza kwa upole. "Niambie jina lake."