Shati Alilolalia Komando

Jua lilikuwa linazama Koleta alipobeba sufuria ya ugali wa dona na dagaa kwenda mabandani kuwalisha wageni wake. Wageni wenyewe walikuwa mbwa. Pale Rusumo, madereva wa malori na mawakala wa forodha waliovuka kwenda Rwanda walimwachia mbwa wao hadi warudi, na kila mmoja alikuja na madai yake. Kuna aliyetaka mbwa wake asichanganywe na mbwa wa kienyeji, kumbe wake mwenyewe kamwokota sokoni!

Koleta alikuwa na sharti moja tu: acha nguo uliyoivaa. Mbwa akilalia jasho la mwenyewe, hutulia na kula. Siku mwenyewe akirudi, mbwa na nguo huondoka pamoja.

"Nguo ya mtu haibaki kwangu," alizoea kuwaambia wateja. "Sitaki mtu aumwe kichwa huko, kesho niitwe mchawi."

Shughuli ile aliianzisha mwanawe, Elick, dereva wa lori, na mbwa wa kwanza kulala mle alikuwa mbwa wake, Komando. Safari ya mwisho Elick hakurudi. Breki zilimkatalia mlimani, wakamzika kijijini Mabawe, njia ya Ngara, kando ya baba yake. Siku ya kumaliza msiba, nguo za marehemu waligawiwa ndugu kama ilivyo desturi yao, asibakize kitu cha kufuata nyumbani. Wifi yake Koleta, Francisca, ndiye aliyezigawa.

"Zimeisha zote, wifi?" Francisca aliuliza.

"Zimeisha," Koleta alijibu.

Uongo. Shati la bluu lilikuwa bandani, chini ya Komando. Komando alikuwa amegoma kula, na Koleta alijiambia kwamba bila lile shati mbwa atakufa. Lakini hata yeye alikuwa akijifungia mle bandani mchana, akaliinamia, akalinusa, akalia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nani wa kumcheka?

Jioni hiyo alikuwa katikati ya mabanda, mbwa waliponyamaza.

Wote. Kwa mara moja.

Ikaja harufu. Dizeli... na udongo mbichi.

Mtu alikuwa amesimama mbele ya banda la Komando, amempa mgongo. Hakupiga hodi. Hakubwekewa na mbwa hata mmoja.

"Karibu," alisema Koleta, akidhani ni mteja. "Umekuja kumchukua nani?"

"Wangu."

Sufuria ikamponyoka.

Sauti ile aliijua tangu siku ilipolia kwa mara ya kwanza duniani.

"Elick... baba... ni wewe?"

Elick hakuwa mtu wa kuvuka kizingiti cha mama yake bila shikamoo, hata kama ametoka nje dakika mbili tu. Koleta akaingoja. Marahaba ikiwa tayari mdomoni, akaingoja ile shikamoo.

Haikuja.

Komando, ambaye asubuhi hakuweza hata kusimama, akainuka. Mkia ukapiga mbao... pa, pa, pa. Akalia kile kilio cha furaha ambacho mbwa humlilia mwenyewe tu.

"Nguo yangu," sauti ikanong'ona.

Angeweza kukataa. Ufunguo wa banda ulikuwa shingoni mwake, na duniani hakubaki kiumbe mwingine aliyempenda Elick kama yeye isipokuwa yule mbwa. Lakini sharti aliliweka mwenyewe. Akafungua bila kuthubutu kuinua macho, akaokota shati, akalinyoosha mbele.

Likapokelewa. Vidole vilivyogusa vyake vilikuwa vya baridi.

"Na mimi je, baba? Mimi huniiti?"

Mtu akaanza kuelekea getini.

"Niangalie basi, hata mara moja!"

Wakatoka, mtu na mbwa, wakashika barabara ya kwenda Ngara. Mtu hakugeuka. Aliyegeuka ni Komando. Alimtazama Koleta, mama aliyemlisha kwa mkono, akamwonyesha meno asiwafuate.

Asubuhi akaja Clever, wakala wa forodha, kumchukua mbwa wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Jana jioni nimempita Komando wako barabarani. Yuko peke yake, kichwa kakiinua juu, kama anaongeleshwa na mtu. Nikampigia mluzi, wapi! Hata hakunitazama."

Wakamtafuta hadi makaburini Mabawe. Hawakukuta mbwa wala shati, na udongo wa kaburi ulikuwa umetulia kama walivyouacha. Wengine wakasema mbwa kaibiwa. Francisca, alipoungamiwa habari ya shati, hakumlaumu wifi yake. Walikumbatiana, wakalia. Kisha akamnunulia kufuli kubwa la geti, akamsihi alifunge kila siku kabla ya magharibi, maana aliyekuja mara moja njia anaijua.

Koleta alilipokea, akaliweka dirishani.

"Wifi, si utafunga?"

"Nikifunga," alisema Koleta, "siku akikumbuka kwamba ana mama, atapita wapi?"