Mchumba Hakuweza Kuja

Watu wa mlimani wakipelekwa baharini hawajui kukaa bure. Asubuhi ya siku ya mwisho ya matembezi yao ya pwani ya Kenya, Lemburis aliwapanga wenzake kumi na mmoja kwenye umati wa kivuko cha Likoni, akawahesabu kama anavyowahesabu wapagazi kambini Mlima Meru. Kisha akawahesabu tena. Kampuni iliyowaajiri ilikuwa imewapa siku nne za mapumziko kwa sababu ni masika na wageni wa kupanda mlima hawapo, na katika siku hizo nne hakuna aliyepumzika. Abdiel, mpagazi, alikuwa amebeba mabegi ya watu watatu ambao hawakumwomba.

"Kiongozi," Hanna alisema, dafu mkononi, "umetuhesabu mara tano tangu tuamke. Unadhani nani atapotea hapa?"

"Wewe."

"Mimi mpishi, bwana. Nikipotea mtanitafuta wenyewe njaa ikiwauma."

"Mimi nitakutafuta hata nikiwa nimeshiba, mpenzi."

"Sema kwa sauti, Abdiel hajasikia."

"Nimesikia," Abdiel akanung'unika chini ya mabegi. "Siku nne nasikia hayo hayo."

Hanna alicheka mpaka maji ya dafu yakamwagikia kidevuni. Alivaa gauni jipya la maua ya njano, lililoshonwa Tengeru kwa ajili ya siku hii moja. Mikono ilikuwa mifupi, na kovu la jiko la gesi lilionekana wazi juu ya kiwiko, lakini hakuhangaika nalo. Saa nne angekunywa chai mjini Mombasa na Nashipae, dada mkubwa wa Lemburis, aliyeolewa huko miaka kumi na mitano iliyopita. Lemburis alikuwa amemwahidi kwa mdomo wake: siku ya mwisho nitakutambulisha, halafu wazee wangu waje kwenu Nkoaranga.

Ahadi hiyo ilikuwa imeanza kumtokea puani tangu juzi, dada yake alipompigia simu.

"Huyo mchumba wako afanya kazi gani?" Nashipae aliuliza.

"Yuko... kwenye mambo ya utalii."

"Haya. Mie nshamnunulia leso. Nitamkabidhi siku hiyo."

Leso! Lemburis alikata simu. Arusha leso ni kile kitambaa cha kufutia jasho na kupengea kamasi. Mke wa kaka yao Lengai aliletewa na dada huyo huyo sanduku zima la vitu na mkufu wa dhahabu. Wa kwake, leso. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Dada ameulizia, amepata habari kwamba wifi mtarajiwa anamenya viazi porini katikati ya wanaume, na ameamua kumpimia zawadi ya kiwango chake. Kiongozi huyu, ambaye huuliza watu watatu kama mvua itanyesha, hakumuuliza mtu yeyote juu ya neno hilo moja. Alilimeza, likakaa.

"Lembu! Lembu wangu!"

Sauti ilitoka ubavuni, kabla hajajiandaa. Nashipae alikuwa ametoka kumjulia hali mgonjwa ng'ambo hiyo, akirudi mjini kwa kivuko kile kile. Alijipenyeza kati ya watu na baiskeli, dera la zambarau likimpepea, harufu ya udi ikimtangulia, mkoba mkubwa begani. Akamkumbatia mdogo wake, akamshika mashavu kama mtoto.

"Umekonda! Haya, sikungoji saa nne tena, Mungu ametukutanisha. Mchumba yuwapi?"

Hanna alikuwa ameshampa Abdiel dafu. Alifuta mkono kwenye gauni, akasogea hatua moja, uso wote unacheka.

Lemburis aliona mkoba wa dada yake. Aliona kovu. Aliwaza leso ikitolewa pale, mbele ya wenzake wote. Ulimi ukashika njia uliyoizoea, ile ya kila mwisho wa safari ya mlimani, wahudumu wanapopangwa mstari na kutajwa kwa wageni.

"Huyu ni Abdiel, mpagazi. Huyu Sumari, msaidizi wangu. Huyu Hanna, mpishi wetu." Akatazama kivuko. "Mchumba... mchumba hakuweza kuja."

Abdiel aliteremsha mabegi chini.

"Shikamoo, dada," Hanna akasema, akainama kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Nashipae alimpa mkono, akamtazama kwa upole, kisha akamgeukia mdogo wake, furaha yote imemwishia. "Hakuweza kuja? Na mie nimeahirisha shughuli zangu zote? Haya. Mpe salamu zangu."

Geti lilifunguliwa, umati ukawasukuma wote kuelekea majini. Lemburis alipohesabu watu wake ndani ya kivuko walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa amempa mgongo.

Kwenye basi la kurudi Arusha Hanna alikaa kiti cha nyuma kabisa, kando ya Abdiel. Lemburis, mbele pamoja na dereva, alimwandikia ujumbe kabla hawajafika Voi: *Mpenzi, naomba nikueleze.* Akaandika mwingine: *Hanna, haikuwa hivyo unavyofikiri.* Akaandika wa tatu, akaufuta. Jibu lilikuja wakiwa wanakaribia Taveta.

*Hakuweza kuja.*

Mpakani Holili alijaribu kusimama nyuma yake kwenye foleni. Hanna akahamia foleni nyingine. Jioni, Tengeru, aliteremka bila kuaga, akapanda bodaboda kwenda kwao Nkoaranga. Abdiel alimshushia begi, akarudi ndani, akampita Lemburis bila kumtazama.

"Chalii yangu," Abdiel alisema baadaye, "mimi nimekuheshimu miaka sita."

Basi likaendelea mpaka mjini.

Siku tisa Lemburis alijifungia kwenye chumba chake Sombetini, akisingizia mafua. Akipiga simu, haipatikani. Akifumba macho, anaona mkono ukifutwa kwenye maua ya njano. Mwanaume huyu amewahi kumbeba mgeni mgongoni kwenye barafu, na watu walimpigia makofi. Mbele ya dada yake mwenyewe alishindwa kutamka neno moja dogo. Alijionea aibu hata kunyoa, maana kunyoa kunataka kioo.

Siku ya kumi Nashipae alipiga.

"Lembu, hii leso ya wifi yangu yanikalia moyoni. Niitume kwa basi la Arusha?"

"Dada, acha tu. Kitambaa cha jasho hata Arusha kipo."

"Kitambaa cha jasho? Wasema nini wewe? Leso ya maua, jozi nzima, nimezunguka maduka siku mbili nikitafuta yenye jina zuri. Imeandikwa *Karibu wifi, nyumbani ni kwako*."

Lemburis aliketi kitandani. "Leso... ina maandishi?"

"Nyinyi wa bara mwaita kanga. Umesahau mie nakaa na watu wa pwani? Huku bibi harusi hapokelewi bila leso, hata kama una dhahabu ya kumvika. Dhahabu baadaye. Hallo? Lembu?"

"Dada, ni yule."

"Yule nani?"

"Mpishi. Ulimpa mkono."

Kwa mbali, kwenye simu, muadhini aliadhini, akamaliza.

"Yule msichana aliyeniamkia kwa adabu," Nashipae alisema taratibu. "Alikuwa amesimama pale. Alikusikia."

"Nilidhani unamdharau. Nilidhani leso ni—"

"Na mie ningalimdharau, wewe ungalikuwa upande wa nani? Usinijibu mie. Nenda kamjibu mwenyewe."

Jumamosi alipanda Nkoaranga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, njia imekuwa utelezi, na kiongozi wa mlima alianguka mara mbili, akafika mlangoni ana tope mpaka mapajani. Mama yake Hanna alikuwa kibarazani akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na njia! Hanna yuko kwenye migomba huko nyuma." Akamkazia macho ya huruma. "Pole pia kwa safari. Hanna aliniambia dada yako aliugua ghafla, hakuweza kuja. Anaendeleaje?"

Lemburis alitazama maharage. Hanna alikuwa amemfichia. Alikuwa amerudi na aibu aliyovishwa, akamdanganya mama yake mzazi ili huyu aliyemvisha asichafuke.

"Anaendelea vizuri, mama," alisema, na akajichukia zaidi.

Alimkuta Hanna akipunguza migomba, buti za mvua miguuni, kitenge kimefungwa kiunoni, panga mkononi.

"Umekuja na tope zote za Meru," Hanna alisema bila kugeuka.

"Nimekuja kukueleza."

Alimweleza yote: simu ya kwanza, leso, mkufu wa mke wa Lengai, simu ya pili, kanga na maandishi yake. Alipofika kwenye kitambaa cha kamasi Hanna alianza kucheka. Alicheka akiegemea mgomba, machozi yakamtoka, na Lemburis akapata moyo, akacheka naye kidogo. Hapo Hanna akanyamaza.

"Sasa niambie. Kama kweli ingekuwa kitambaa cha jasho, ungekuwa umefanya sawa?"

"Hapana."

"Mbona unanieleza habari za leso, basi? Mimi sina ugomvi na leso. Leso haikusema kitu pale Likoni."

Matone yalidondoka kutoka kwenye majani.

"Niliona haya," Lemburis alisema hatimaye. "Si kwa sababu ya dada. Hata kabla ya leso. Aliponiuliza unafanya kazi gani, sikusema unapika. Nilisema mambo ya utalii. Chakula chako nimekula miaka miwili, kimenipandisha mpaka kileleni, na nikaona haya kukitaja. Hilo ni langu, Hanna. Hakuna aliyenifundisha."

Hanna alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ungeanza na hilo kwenye ujumbe wako, nisingekuacha uanguke mara mbili. Nilikuona kutoka hapa." Akafuta panga kwa jani. "Nenda kamwambie mama."

"Nimwambie nini?"

"Ulichosema. Kwa maneno yale yale. Nimechoka kukubebea."

Alivua viatu mlangoni, akaingia. Hanna alisimama nyuma yake, karibu na kizingiti. Mama aliacha maharage yake, akaja, akakaa kwenye kigoda. Lemburis alisema yote akiwa amesimama, macho sakafuni, mikono nyuma kama mwanafunzi: dada hakuugua, dada alikuja, Hanna alikuwepo, nikamwita mpishi wetu, nikasema mchumba hakuweza kuja. Alipomaliza alisubiri afukuzwe, na moyoni alikuwa ameshakubali.

Mama hakumwangalia. Alimwangalia binti yake.

"Ulinidanganya, Hanna."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Na baada ya hayo yote bado unamtaka mtu huyu?"

Hanna alipojibu, sauti ilikuwa ndogo, si ile ya kuwatania wapagazi.

"Namtaka, mama. Ndiyo maana nimeshindwa kukutazama siku zote hizi. Yeye aliona haya kwa sababu yangu siku moja. Mimi naona haya kila siku, kwamba nilisikia kwa masikio yangu na bado namtaka."

Lemburis alikuwa amefikiri aibu yote ya habari hii ni ya kwake peke yake. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, na alipotaka kusema samahani neno halikutoka. Alilia tu, mbele ya mama mkwe, jambo ambalo mwanaume wa Kiarusha halifanyi.

Mama alimwacha alie mpaka akachoka. Kisha akasimama, akajikung'uta maganda ya maharage.

"Mpigie dada yako," alisema. "Mwambie aje, na wazee wenu waje. Hanna, mpe maji anawe, tule."