Mama Anangojwa Hospitalini

Kila Jumamosi Valarie aliamka mapema ili awahi nafasi kwenye mfereji wa ploti, uliotumiwa na wapangaji wote. Alijaza mitungi miwili, akaloweka sare zake za shule, kisha akawasha jiko nje ya mlango huku mama yake, Milcah, akikanda unga wa chapati. Valarie alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, mtoto wa pekee katika nyumba ile ya mabati mtaani Kabiria.

Baba yake, Obuya, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha kando ya barabara ya Naivasha. Hakuwa mlevi, na kanisani aliketi mbele pamoja na wanakwaya. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi wa kupiga. Mama na mwana walikuwa wamezoea kusikiliza jinsi anavyousukuma mlango ili wajue kama siku itapita salama.

Asubuhi hiyo ya mwaka 2006, baada ya Obuya kwenda kazini, Milcah alivaa gauni safi. Virginia, mama mwenye ploti, alikuwa akimsubiri nje.

"Tunaenda zahanati," Milcah alimwambia bintiye. "Wauguzi wanawapima akina mama saratani ya mlango wa kizazi, bure. Baba yako usimwambie kwanza."

"Kwani unaumwa, mama?"

"Siumwi popote. Wanasema ndiyo saa nzuri ya kwenda, kabla hujaumwa."

Aliporudi, aliketi kitandani bila kuvua viatu. Valarie aliketi karibu naye mpaka mama akasema.

"Wanapaka siki kidogo mahali penyewe, halafu wanatazama. Pakigeuka peupe, kuna chembe za mwili ambazo haziko sawa. Kwangu pamegeuka peupe."

"Ni saratani?"

"Bado. Yule muuguzi, Sista Ngina, amesema nikiziacha, baada ya miaka zinaweza kuwa saratani. Alhamisi saa nane nifike hospitali kubwa mjini. Kuna mashine ya baridi kali, wanazigandisha, zinakufa. Nitamwambia baba yako Jumatano, akiwa ametulia."

Akakificha kikadi alichopewa cha kwenda nacho hospitali ndani ya kitabu cha nyimbo.

Jumatano jioni, kabla Milcah hajapata nafasi ya kusema, Obuya alikichukua kitabu hicho ili ajikumbushe wimbo wa kwaya. Kikadi kikaanguka miguuni pake. Alikiokota, akakisoma taratibu, kisha akamtazama mkewe.

"Hii ni nini?"

"Baba Valarie, nilikuwa nataka kukuambia..."

Kofi lilimkuta katikati ya neno. Milcah aliyumba, akagonga meza kwa nyonga, na vikombe vikapasuka sakafuni.

"Debra walimpima!" Obuya alinguruma. "Dada yangu mwenyewe! Walimpima, na baada ya wiki tatu tukamzika! Na mwanamke aliyetulia kwake anapimwa huko kwa nini? Unatembea na nani?"

Alimshika nywele, akampiga ngumi usoni, mara moja, mara mbili. Valarie alimrukia mkono akilia, "Baba, wacha! Baba, tafadhali!" Obuya alimsukuma, kisha akalipiga teke jiko lililokuwa limeingizwa ndani kwa ajili ya maharagwe. Sufuria ilipinduka. Makaa yalitawanyika, na moja likamganda Valarie mkononi, karibu na kiwiko. Mayowe yake ndiyo yaliyomsimamisha baba yake.

Obuya alihema. Alikipasua kikadi vipande vipande, akavitupa kwenye makaa.

"Ukiulizwa huko shuleni, umejimwagia chai," alimwambia bintiye. "Umesikia?"

"Ndiyo, baba."

Asubuhi ya Alhamisi Obuya alivitia viatu vya Milcah ndani ya mfuko wake wa kazi, akamtoa Valarie nje, kisha akafunga mlango kwa kufuli. Alipotokomea, Valarie alibandika sikio kwenye bati.

"Mama?"

"Nenda shule, mwanangu." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye mdomo uliovimba. "Usimwambie mtu. Atatuua."

Valarie alienda. Somo la kwanza lilipita, la pili likapita, na hakuandika hata neno moja. Mwalimu Annah alipopita kati ya madawati aliuona mkono ule.

"Umefanyaje hapo?"

"Nimejimwagia chai, mwalimu."

Mwalimu Annah alimtoa nje ya darasa, akaushika mkono kwa upole. "Chai haiachi majivu kwenye kidonda, Valarie."

Valarie aliinamisha kichwa. Alimwona baba yake akilini, akaiona ile ngumi, kisha akaikumbuka saa nane. Akikaa kimya, saa nane ingefika mama akiwa bado nyuma ya kufuli, na zile chembe nyeupe zingeendelea kukua.

"Nimedanganya, mwalimu," alisema, na machozi yakamtoka pamoja na maneno. Alieleza yote bila kuacha kitu.

Mwalimu Annah alimfahamisha mwalimu mkuu, akampigia simu naibu wa chifu, Bwana Wahome, kisha akafuatana na Valarie hadi ploti. Walimkuta Virginia tayari ameshika nyundo. Alikuwa amesikia kilio cha Milcah na kuchoka kujifanya hasikii. Alipiga kufuli mara tano, likafunguka. Milcah alitoka akijishika ukutani, jicho moja limevimba na kufumba kabisa.

"Wewe mama, nani amekupa ruhusa?"

Obuya alikuwa amesimama mlangoni pa ploti. Mtu alikuwa amempelekea habari, naye alikuwa amekuja na nondo mkononi. Virginia alisimama mbele ya Milcah. Obuya aliinua nondo na kuishusha, na wote wakausikia mfupa wa mkono wa Virginia ukilia.

Wanawake walipiga mayowe. Wanaume walimiminika kutoka barabarani, nao hawakuuliza swali. Jiwe la kwanza lilimpata Obuya begani, la pili kichwani. Alianguka. Wakamvamia kwa mateke na mbao, damu ikamfunika uso, na mtu mmoja akapaza sauti, "Leteni tairi tumchome!"

Valarie hakujua alipitaje kati ya miguu ile. Alijikuta amejilaza juu ya baba yake, teke likimpata mbavuni.

"Msimuue!" alipiga kelele. "Mpelekeni kwa chifu! Aseme alichofanya! Msimuue!"

Mbao zilibaki zimeinuliwa. Kijana mmoja alirudi nyuma hatua moja. Muda ule mfupi ulitosha, kwani Bwana Wahome aliingia na askari wawili, mmoja akafyatua risasi hewani, na umati ukatawanyika. Obuya alibebwa akiwa hai, lakini hakuweza kusimama.

Milcah alikuwa amekaa chini. "Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Saa sita na nusu," alijibu mwalimu.

"Basi nipeni viatu."

Virginia, mkono wake ukiwa umefungwa kwa leso, alimwambia amvue vyake miguuni, avivae. Mwalimu Annah alimfikisha Milcah mjini saa nane kasorobo. Kikadi hakikuwepo, lakini jina lake lilikuwa kwenye kitabu cha hospitali. Walimsafisha uso, wakamshona juu ya jicho, kisha wakamtibu kwa ile mashine ya baridi. Haikuchukua hata nusu saa.

Obuya alifungwa miaka miwili kwa kuwajeruhi mkewe, mtoto na Virginia. Milcah alihamia chumba kingine katika ploti ileile, akaendelea na kazi yake ya kuwafulia watu nguo kule Muthangari.

Baada ya mwaka mmoja alirudi zahanati kupimwa, akiwa na Valarie. Sista Ngina alitoka chumba cha ndani akitabasamu. "Safi kabisa. Hakuna doa."

Milcah alijifunika uso kwa viganja na kulia. Valarie ndiye aliyeuliza swali lililomkaa moyoni mwaka mzima. "Sista, mbona shangazi Debra alipimwa akafa?"

"Alikuwa akitokwa na damu kabla ya kupimwa?"

"Zaidi ya mwaka," alijibu Milcah. "Aliona haya kusema."

Sista Ngina alivuta kiti, akakaa akimtazama Valarie. "Basi saratani ilikuwa imeshaenea alipofika. Kipimo hakikumuua. Kilichomuua ni kuchelewa. Mama yako alikuja akiwa hana maumivu yoyote, na ndiyo maana tulikiondoa kitu kidogo kabla hakijawa saratani. Hata mwanamke mwenye afya njema anapaswa kupimwa, na arudi tena kama anavyoelekezwa. Wala kipimo si alama ya tabia mbaya. Na wewe, mwanangu, kumbuka jambo moja. Mtu akikupiga kisha akakuagiza udanganye, uongo huo unamlinda yeye, haukulindi wewe. Mtafute mtu mzima unayemwamini, umwambie ukweli siku hiyohiyo. Ulipomwambia mwalimu wako, ulimpa mama yako nafasi ya kuishi."

Milcah alipangusa macho, akasimama na kufungua mlango. Kwenye benchi la nje walikuwa wameketi wanawake sita wa ploti yao, aliowaleta yeye mwenyewe. Mdogo wao, Nyawira, alikuwa akivutavuta ncha ya leso kwa woga.

"Inauma?" aliuliza.

"Kidogo tu," alisema Milcah, akimshika mkono. "Ingia. Nitakungoja hapa."