Mwambieni Nasor

Fahali alipokata kamba kwenye mchezo wa ng'ombe kule Chokocho, watu walitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Mwatima hakujua alivyopanda gari la abiria lililosimama pembeni. Alijikuta tu juu ya ubao wa kiti, baibui limenasa msumari, kiatu kimoja mkononi.

"Bibie," dereva alimwambia bila kugeuka, "gari hili linaondoka saa kumi na moja. Ila ukipenda, nakuondoa sasa hivi."

"Uniondoe uniache wapi?"

"Utakaponiambia."

Mwatima alicheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza. Dereva aliitwa Nasor bin Thuwein, kijana wa ukoo wa Kiarabu uliobakiwa na jina kubwa na mikarafuu michache. Shati lake jeupe lilikunjwa mikono, kofia ya viua kaiinamisha kidogo upande. Mwatima alikuwa muuguzi hospitalini mjini Chake, binti wa Bi Siti, mjane wa Madungu aliyesuka mikeka.

Tangu siku ile, gari la Nasor halikupita hospitali bila ya honi mbili. Siku alizolala Wete alipiga simu, akajidai anaulizia hali ya mgonjwa.

"Mgonjwa gani?" Mwatima aliuliza mara ya kwanza.

"Mie."

"Mgonjwa wa simu hana kitanda huku."

Nasor aliahidi kuleta wazee msimu wa karafuu ukimalizika. Mwatima alisubiri, ingawa zama zile za siasa watu walishaanza kuchaguana hata gari la kupanda, na wengi walimuuliza anataka nini kwa Mwarabu.

Asubuhi moja ya msimu uleule aliletwa Khatib Duni, msimamizi wa shamba, kichwa kimepasuka. Walimwokota njiani, nje kidogo ya mji. Jana yake yeye na Nasor walikuwa wamegombana sokoni mbele za watu, kwa sababu Nasor aliyaacha mvuani magunia ya karafuu ya Khatib aliyopewa kuyabeba. Daktari alikuwa kitanda cha pili. Mwatima alikuwa akimfuta Khatib uso alipofumbua macho.

"Nasor," alisema. Kisha, kwa shida, "Mwambieni Nasor..."

Pumzi ikaishia hapo. Hakuna mwingine aliyesikia.

Angeweza kuyameza maneno yale. Alitamani kuyameza. Lakini Inspekta Othman, mtu mwembamba aliyeletwa kutoka Unguja, alipomuuliza kama marehemu alisema kitu, Mwatima aliona kuwa kauli ya maiti ni amana. Akaitoa. Jioni ileile Nasor akatiwa ndani.

Kwa siku tatu aliitwa kituoni akaulizwa jambo moja.

"Mwambieni Nasor nini?"

"Hakumaliza."

"Kwamba yeye ndiye aliyempiga?"

"Hakusema hivyo."

"Kwamba amemsamehe?"

"Hilo pia hakulisema."

Siku ya tatu inspekta alimsomea maelezo aliyoyaandika, kwamba marehemu alimtaja Nasor kuwa ndiye muuaji wake. Mwatima aliiweka kalamu mezani.

"Hayo ya mwisho ni yako, bwana inspekta. Yafute."

Mjini hakuwa na upande. Jamaa za Nasor walimchukia kwa kulitaja jina la kijana wao. Watu wake mwenyewe walimchukia kwa kukataa kumtia Mwarabu hatiani. Akifika mferejini, mazungumzo yalikatika mpaka ndoo yake ijae. Wauguzi wenzake walimwachia meza nzima ale peke yake. Mama yake hakuuliza kitu, alimpakulia tu chakula akarudi kwenye mkeka wake, na Mwatima aliona afadhali angemgombeza.

Siku ya nne inspekta alikuwa na karatasi nyingine. Alimsomea polepole. Nasor alikuwa ameeleza kwamba ushahidi wa Mwatima usiaminiwe, kwani mwanamke yule alikuwa akimfuatafuata, yeye Nasor akakataa kumuoa, na sasa mwanamke analipiza.

"Kasema mwenyewe?" Mwatima aliuliza.

"Kasema mwenyewe, na saini yake hii hapa. Bi Mwatima, kama kuna neno ulilokuwa ukimfichia, sasa huna sababu."

Mwatima alilijua neno lile. "Kaniua." Lingetoka kwa pumzi moja, na dunia nzima ingemsadiki.

"Andika 'Mwambieni Nasor'," alisema. "Basi."

Wiki ya pili alikamatwa mtu Wete akiuza saa ya marehemu. Alikiri, akaonyesha na rungu alipolitupa. Nasor alipofunguliwa, inspekta alimweleza kinagaubaga kwamba alimdanganya makusudi: mchumba wake hakusema hata siku moja kuwa Khatib alimtaja kuwa ndiye muuaji. "Angeniongezea neno moja," inspekta alisema, "nisingemtafuta mtu mwingine."

Nasor hakwenda kwao. Alimng'ang'ania inspekta mpaka uongo aliomzulia Mwatima ukafutwa kwa maandishi. Ijumaa akasimama barazani Madungu, akasema kwa kinywa chake kwamba alimzulia binti wa watu. Kisha akatuma wazee. Bi Siti aliwapokea kwa heshima, akawaambia mwenye jibu ni mwanawe.

Adhuhuri moja simu ya hospitali ililia, kutoka Wete.

"Waliniambia umesema mie ndiye niliyemuua," Nasor alisema.

"Najua walichokwambia."

"Niliogopa, Mwatima. Nilitafuta cha kujikingia, nikakukuta wewe."

"Mie waliniuliza siku nne. Wewe walikuuliza mara ngapi?"



"Mara moja," Nasor alisema.

Dirishani jua lilikuwa kali, mashuka ya wodini yameanikwa uani, hakuna mtu nje.

"Nimekusamehe," Mwatima alisema. "Na nakupenda, wala hilo usilitie shaka. Ila nikikaa nawe nitakuwa nasikiliza kila siku, siku wakikuuliza tena utasema nini. Sitaweza, Nasor. Waambie wazee wasirudi."

Alimsikia akivuta pumzi, na yeye bila shaka akimsikia yake, na hakuna aliyekata. Mwishowe ikaingia sauti ya mtu wa mitambo ya simu.

"Halo, Wete? Chake? Mmemaliza?"

Mwatima alingoja Nasor ajibu. Alipoona hajibu, alijibu yeye.

"Tumemaliza," alisema, akakirudisha chombo mahali pake.