Mama Alichoma Mfuko Wenye Dawa Zangu

Nina miaka thelathini na nne, naishi Shanwe, hapa Mpanda. Haya sijawahi kumsimulia mtu, hata padri...

Nilifungwa kwa sababu ya nyama ya porini iliyokutwa jikoni kwangu. Aliileta mume wangu, kisha akatoroka na kuniacha mikononi mwa askari! Gerezani nikaugua kifua kikuu. Nikaanza dawa, kikohozi kikakata, mwili ukarudi. Siku ya kutoka, nesi alinifungashia vidonge, akanisisitiza niendelee na dozi kwenye zahanati ya kwetu.

Nilikwenda Mwese kwa mama. Alinipokea uani kwa vigelegele, akanivua nguo zote, akaniogesha kwa maji ya majani kama mtoto. Nikiwa bado na maji machoni, nikasikia harufu ya plastiki ikiungua. Mama alikuwa amezitia moto nguo zangu, pamoja na mfuko wangu!

"Vya jela havivuki mlango wangu, mwanangu. Leo umezaliwa upya!"

Alikuwa anacheka huku analia. Ningemwambiaje kwamba amechoma dawa zangu? Nikajifunga kanga aliyonipa.

Kesho yake nikaenda zahanati. Benchi lilijaa majirani. Nesi akaniuliza kwa sauti nina shida gani. Niseme TB? Niseme dozi nimeanzia gerezani, wote wamenikodolea macho? Nikasema nina mafua. Nikarudi na panadol!

Miezi ikapita, kikohozi kikarudi. Tulilala kitanda kimoja na mama, blanketi moja, maana milima ile ina baridi. Kisha naye akaanza kukohoa... Akakonda hadi nikaogopa kumtazama akivaa. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, hiki kikohozi nimekitoa wapi?"

"Ni baridi tu, mama," nikamjibu.

Nilipotema damu ndipo nikamwambia nesi wa zahanati ukweli. Bodaboda wawili wakatushusha mjini. Mama alifia hospitali kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Mimi nikatibiwa, nikapona. Nikapona mimi!

Nyie mnaompokea ndugu kutoka gerezani, kabla ya kuwasha kiberiti muulizeni kama ana dawa. Na wewe uliyetoka, sema! Aibu ya benchini huisha siku hiyohiyo.

Yangu haijaisha. Kukiwa na baridi namsikia mama akikohoa upande wake wa kitanda, kisha ananiuliza swali lilelile. Nami, Mungu anisamehe, bado namjibu vilevile.