Muhuri wa Mwamvita

Leokadia alikuwa uani akimenya nyuzi za majani ya maboga, jua la Iringa likizama, Sekela alipoingia bila hodi. Walifanya kazi pamoja masjala, chumba cha majalada ya viwanja, ila wiki hiyo Leokadia alikuwa likizo.

"Mama Magesa, bosi Halfani haonekani."

"Amesafiri?"

"Sauti yake ipo. Kutwa anatuita, kiti kinalia, ofisi inanuka udi na udongo mbichi. Mhudumu kaingia kumtafuta, naye sasa tunamsikia tu. Mlangoni kuna muhuri mwekundu."

Leokadia aliacha kumenya. Masjala, jalada likigongwa muhuri mwekundu wa SIRI, kila karatasi inayotiwa humo huwa siri pia, na anayeliulizia hujibiwa kwamba halipo. Ndivyo Halfani alivyokula kiwanja cha mjane Mwamvita. Aligonga muhuri, na Leokadia, mwenye watoto wa kulisha, akawa anamjibu mjane dirishani: halipo. Baridi ya Juni, mwaka ule wa sabini na sita, ilimkuta Mwamvita akilala kwenye vibaraza, ikammaliza. Mara ya mwisho alisema kwa upole, "Nanyi mtatafutwa, mjibiwe hivyohivyo."

Sekela akanong'ona kwamba anamfuata Shehe Muharami aje hapa asome dua. Leokadia hakungoja. Aliwaita watoto, mmoja bombani, wengine kwa jirani, akawasukumia ndani wote, akakaza komeo.

Mboga ilikuwa inatokota aliposikia nyayo zenye maji zikiizunguka nyumba, polepole, kama za mtu aliyezoea kungojeshwa, zikafika mlangoni, zikatulia, kisha kikatua kishindo kimoja kizito kwenye mbao, kama cha muhuri, na harufu ya udi ikapenya chini ya mlango, ikapita jikoni, ikawafikia watoto mmoja mmoja, kana kwamba kuna anayewanusa utosi. Ndipo alipoelewa alichokifanya: amewatia wote katika jalada moja.

"Hodi," Sekela aliita nje.

Leokadia akafungua, akamwita kwa jina. Sekela akainua kibatari, macho yake yakampita kama yanavyopita ukuta.

"Hawapo, Shehe. Ila namsikia Mama Magesa, ananiita."

Shehe aligusa mlango. Kidole kikatoka chekundu.

"Usiitikie," akasema. "Wala usivuke kizingiti."

Wakaondoka bila kugeuka. Leokadia akafunga mlango. Watoto walikuwa na njaa. Akasonga ugali, akapakua, akawahesabu.

Wote walikuwapo.