Chai ya Esnah Kwenye Karatasi

Esnah Chepkemboi alikuwa na mikono miwili na kazi za mikono minne. Aliishi karibu na Mogogosiek, eneo la Konoin huko Bomet, pamoja na mumewe Benard na binti yao Fancy. Asubuhi alikamua ng'ombe. Kisha alivaa aproni yake ya nailoni, akabeba kikapu mgongoni na kuingia shambani kuchuma chai. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Alichuma hivyo mpaka kikapu kikajaa.

Mchana alipeleka majani kwenye kituo cha kununulia. Karani aliyakagua, kisha akayapima. Hata siku moja karani hakuwahi kurudisha majani ya Esnah. Majirani wote walilijua jambo hilo, kwa sababu Esnah mwenyewe aliwaambia.

Benard ni fundi seremala. Katika nyumba yao kazi ziligawanywa zamani: mbao ni za Benard, chai ni ya Esnah. Mama mkwe alipokuwa mgonjwa sana, alimwita Esnah karibu na kitanda. "Chai yangu nimekuachia wewe," alimwambia. "Usiiache ikawa msitu." Esnah alikubali, na tangu siku hiyo hakuiacha.

Asubuhi moja mvua ilinyesha. Esnah alikuwa akipeleka sufuria ya maji yanayochemka zizini. Alitaka kuyachanganya na maji baridi, aoshe chuchu za ng'ombe. Aliteleza kwenye matope. Maji yale yakamwagikia mkono wake wa kulia, kuanzia kwenye vidole hadi kwenye kiwiko.

Jirani alikuja mbio na dawa ya meno, akampaka mkono mzima. Jirani huyo ana roho nzuri, simlaumu. Lakini dawa ya meno ni ya meno. Mtu akiungua, mwagilia mahali hapo maji safi ya baridi kwa dakika ishirini. Usiweke barafu. Usipake kitu. Funika kwa kitambaa safi, kisha nenda hospitali.

Esnah alilazwa katika hospitali kubwa ya mjini. Baada ya wiki mbili, daktari alikaa naye na kumweleza hali ya mkono. Kidonda hakikuwa na uchafu, na hilo lilikuwa jambo zuri. Lakini kilipokuwa kikipona, ngozi ilikuwa inavuta vidole. Bila upasuaji, vidole vingekunjika na kubaki hivyo. Daktari alitaka kuchukua ngozi kidogo kwenye paja na kuipandikiza mkononi. Baadaye Esnah angefanya mazoezi, na mkono ungeweza kufanya kazi tena.

Esnah alikataa kutia sahihi. Alisema mkono umepona, anataka kwenda nyumbani. Alipoulizwa sababu, aliangalia dirisha. Siku ya pili alikataa tena, na siku ya tatu pia.

Muuguzi wa wodi hiyo aliitwa Wakonyo. Alikuwa muuguzi hodari, lakini miezi ile ulimi wake ulikuwa mkali. Wagonjwa walikuwa wengi na wauguzi walikuwa wachache. Alhamisi asubuhi alimletea Esnah ile fomu kwa mara ya nne. Esnah alitikisa kichwa. Wakonyo alishindwa kuvumilia.

"Basi nenda nyumbani ukae na mkono umefunga kama ngumi," alisema. "Mimi nimechoka kubembeleza."

Wodi nzima ilisikia. Esnah alivuta blanketi mpaka kichwani. Wakonyo alitoka nje akiwa na aibu. Alijua kwamba amekosea, lakini hakujua aanzie wapi kurekebisha.

Sasa, kila Alhamisi alasiri mtu mmoja aliyeitwa Oyugi alikuja hospitalini. Oyugi ni mchoraji wa mabango. Ukiona ukuta wa duka umechorwa ng'ombe mnene kuliko ng'ombe wote wa Bomet, huenda ni kazi yake. Alikuja na karatasi, rangi za maji, brashi na udongo wa kufinyanga. Hospitali ilimpa chumba chenye meza ndefu. Wagonjwa walichora au kufinyanga kwa saa moja. Wafanyakazi nao waliruhusiwa kuja kwa zamu, nusu saa kila mmoja, huku wenzao wakiwashikia kazi.

Wengi waliona jambo hilo kama mchezo. Esnah alikuwa mmoja wao. Oyugi alipomkaribisha, alimjibu kwamba hajui kuchora, na tena mkono wake wa kulia umefungwa bandeji.

"Si uko na wa kushoto?" Oyugi alimwambia. "Na hapa hatutafuti picha nzuri, mama. Hizo nzuri mimi nachora za kuuza."

Esnah alienda kwa sababu alichoka kuangalia dari. Alichovya brashi kwenye rangi ya kijani. Mkono wa kushoto haukuzoea kazi hiyo, na mstari ukaenda ulikotaka wenyewe. Alicheka kidogo. Alikuwa hajacheka tangu siku ya yale maji.

Siku hiyo ilikuwa pia zamu ya Wakonyo. Alisimama mlangoni, akasema ana dawa za kugawa saa kumi. Oyugi alimjibu kwamba saa kumi bado, akamsukumia karatasi. Wakonyo aliketi mwisho wa meza, mbali na Esnah. Alichora haraka haraka, halafu akaacha.

Oyugi alikuwa na swali moja tu ambalo aliwauliza watu wote. Hakusema picha ni nzuri wala mbaya. Hakumwambia mtu maana ya picha yake. Aliuliza hivi: "Niambie, hii ni nini?"

"Ni kiti," Wakonyo alisema. "Tangu saa kumi na mbili asubuhi, ndio nakaa sasa."

Watu walicheka, naye akacheka. Halafu machozi yakamtoka na hakuyazuia. Alieleza kwamba mwezi uliopita wagonjwa wawili walifariki mikononi mwake siku moja, na kesho yake akarudi kazini kama kawaida. Hakumwambia mtu. Tangu hapo alikuwa akikasirikia kila kitu, hata kalamu ikikauka. Alimgeukia Esnah mbele ya wote. Alisema neno alilomwambia asubuhi lilikuwa baya, na anaomba msamaha. Esnah alisema yameisha, na alimaanisha.

Alhamisi iliyofuata Esnah alifika wa kwanza. Alichora kwa saa nzima bila kuinua kichwa. Alipomaliza, karatasi yote ilikuwa ya kijani. Pembeni kulikuwa na kipande kidogo cha paa. Wakonyo, aliyekuja kwa zamu yake, aliketi kando yake na kumuuliza kama Oyugi: hii ni nini?

Esnah aliweka brashi chini.

"Hii ni chai yangu," alisema. "Haikuchumwa, imekuwa miti. Hapa ni nyumba yetu, haionekani tena."

Ndipo sababu ikatoka. Wiki tatu hajachuma. Hakuna mtu mwingine wa kuchuma, kwa sababu mumewe hajawahi kugusa chai. Akifanyiwa upasuaji atakaa wiki nyingi zaidi, na shamba la mama mkwe litaharibika mikononi mwake. Kila akifumba macho aliona ile miti. Aliona heri vidole vikunjike kuliko kuvunja neno lake kwa marehemu.

Wakonyo alimuuliza kama mumewe anajua haya. Esnah alisema Benard akija, husema tu "kuko sawa". Lakini Benard husema hivyo siku zote. Hata upepo ulipong'oa mabati ya jikoni, alimpigia simu akasema kuko sawa.

"Naweza kumwambia?" Wakonyo aliuliza. "Picha ni yako. Ukikataa, sitasema neno."

Esnah alisema atamwambia mwenyewe.

Jumamosi Benard alikuja na mursik, maziwa ya kibuyu, kwenye chupa. Aliona ile karatasi ya kijani ukutani, juu ya kitanda cha mkewe. Alipoambiwa nani ameichora, uso ulimbadilika. Alimwendea Wakonyo na kumwambia kwamba alileta mgonjwa, hakuleta mtoto wa chekechea. Kama mkewe ana nguvu za kucheza na rangi, basi amepona, na leo watarudi wote nyumbani.

Wakonyo wa mwezi uliopita angemjibu vibaya. Wakonyo wa siku hiyo alivuta kiti, akamkalisha, na yeye akaketi. Alimweleza polepole. Rangi haiponyi kidonda. Dawa ni dawa, na upasuaji ni upasuaji. Lakini mgonjwa mwenye hofu moyoni halali vizuri, hali vizuri, na anaweza kukataa hata matibabu yanayomfaa. Kuchora, kufinyanga au kuimba kunampumzisha. Na mara nyingine jambo alilolifungia moyoni linapata njia ya kutoka.

"Hata sisi wauguzi tunachora," alisema. "Mimi ilinisaidia. Kwanza msikilize mama Fancy."

Benard alirudi kitandani. Esnah alimwonyesha picha, akamwambia yote: miti, paa, na neno la marehemu mama. Alisema huku akiangalia blanketi.

Benard alitoa mikono yake mifukoni na kuiweka juu ya blanketi, mbele ya macho ya mkewe. Vidole vilikuwa vyeusi. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimepasuka kwenye kucha. Si rangi ya mbao ile. Kila mtu wa Konoin anaijua: ni utomvu wa chai.

Esnah alivishika vidole vile kwa mkono wa kushoto. "Baba Fancy, umekuwa ukichuma?"

"Kila wiki."

"Na mbona hukusema?"

Benard alikuna kichwa. "Karani alirudisha majani yangu mara mbili. Ati nimechuma matawi. Wamama wote walicheka hapo kituoni. Sasa hiyo ningekuambia aje?"

Esnah alianza kucheka. Alicheka mpaka akalia, na Benard akacheka pia, ingawa alikuwa akijicheka mwenyewe. Mama wa kitanda cha pili alicheka bila kujua ni nini. Wakonyo alileta brashi na rangi alizoziacha Oyugi. Benard aliishika kama anayeshika msumari. Katikati ya kijani kile alichora mtu mdogo mwenye kikapu mgongoni.

Jioni hiyo Esnah alitia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Upasuaji ulifanyika Jumanne na ngozi ikashika vizuri. Mkono ulifungwa kwenye kibao ili vidole vinyooke. Baadaye mtaalamu wa mazoezi alianza kuvikunja na kuvikunjua. Mazoezi yaliuma. Siku za Alhamisi Esnah alifinya udongo, na aliporudi kliniki alitunga shanga, moja baada ya nyingine, kwa kidole gumba na cha shahada. Alifurahi kugundua kwamba kushika shanga na kushika chipukizi la chai ni kazi ileile.

Wodini, kando ya meza ya wauguzi, sasa kuna kiti. Benard alikitengeneza kwa mbao zake. Wakonyo hukikalia kila siku, hata kama ni dakika tano. Amewazoesha wenzake kuulizana habari kabla ya kubadilishana zamu, na wodi ina kelele chache.

Ilichukua miezi. Daktari aliporuhusu, Esnah aliingia tena shambani, mikono yake imefunikwa vizuri isichomwe na jua. Benard alikuwa mstari wa pili, na kikapu chake kilikuwa karibu kujaa. Esnah aliangalia sehemu ya juu ya michai. Ilikuwa sawa kama meza, kutoka nyumbani hadi mtoni.

Alinyoosha mkono wa kulia. Vidole vilifunguka. Akachuma majani mawili na chipukizi.

Halafu alimwendea mumewe, akatia mkono huohuo kwenye kikapu chake, akatoa kitawi kigumu.

"Hii karani atarudisha," alisema, akakitupa.

Benard alisema sawa, mwalimu, akaendelea kuchuma.